Zeze Lina Dini Gani?

Atokaye Dodoma kwenda pwani hufika Morogoro milima ya Uluguru ikiwa mkono wake wa kulia. Kilakala iko pale miteremko inapoanza kupanda, mtaa unaojulikana nchi nzima kwa shule yake ya sekondari ya wasichana. Mji ulio chini yake una Waislamu na Wakristo wanaokaa ukuta kwa ukuta, na swali la zamani la dini zote mbili halihitaji kwenda mbali kupata wasikilizaji: je, sauti ya ala inaweza kuwa halali au haramu yenyewe?

Hukwe Zawose aliijua safari hiyo ya kutoka bara hadi pwani. Alikuwa Mgogo, fundi wa zeze na ilimba, ala ya vibao vinavyopigwa kwa vidole gumba. Mwalimu Nyerere alipomsikia alimwita Dar es Salaam. Baadaye makazi yake yakawa Bagamoyo. Zeze ni kibuyu, mti na nyuzi zinazosuguliwa kwa uta, na mikononi mwake halikuwa na wimbo uliofungwa. Aliuanza, akaupinda, akaufuata ulikokwenda. Mwaka 2002 ilitoka albamu ya Assembly, aliyoifanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, na humo sauti ya Ugogo ikakutana na mitambo ya studio. Zawose alifariki Desemba 2003.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, angelichunguza zeze hilo kwa makini. Katika kitabu chake, Ihya, alieleza kwamba muziki hauingizi moyoni kisichokuwamo, huchochea kilichomo. Hata hivyo ala za nyuzi alizikataza. Sababu yake haikuwa utamu wa sauti, kwani kwa hoja hiyo hata sauti ya ndege ingekatazwa. Alizikataza kwa sababu zilikuwa alama ya vikao vya walevi, na asikiaye hukumbuka kikombe.

Kwa maneno mengine, kosa la uzi ni marafiki zake.

Wamisionari wengi waliofika Afrika Mashariki waliihukumu ngoma hivyohivyo. Waliposikia mdundo waliona pombe, jando na matambiko, wakaifungia nje ya mlango wa kanisa. Mwaka 1963 padri Mtanzania Stephen Mbunga alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikubali ala nyingine ziingie katika ibada, mradi zinafaa au zinaweza kufanywa zifae. Neno “kufanywa” ndilo lenye uzito. Linakiri kwamba ala ina kumbukumbu, na linakiri pia kwamba kumbukumbu hubadilika.

Hapo ndipo mpigaji wa papo kwa papo anapowasumbua wanaotaka jibu la haraka. Anayerudia wimbo uliozoeleka huamsha kumbukumbu iliyokwishapangwa. Zawose alipoupinda wimbo katikati, msikilizaji wa Kigogo alipoteza njia aliyoizoea, na msikilizaji wa Ulaya hakuwa na kikombe wala tambiko la kukumbuka. Kama hoja ya Ghazali ni ya mazoea, basi hukumu inapaswa kuuliza: mazoea ya nani, na ya lini? Lakini mpigaji naye hawezi kusema hana jukumu. Bado kuna kilichomo moyoni, na uta unakichochea.

Mabadiliko hayo hayajakoma. Kwa desturi ya Wagogo zeze lilikuwa la wanaume. Wanawake waliimba, wakacheza na kupiga ngoma za muheme. Mwaka 2024 Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wa Hukwe, walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens, wakiwa wao ndio wanaoongoza, ala mikononi. Msichana wa Kilakala akiomba leo afundishwe zeze, atakayemkataza itambidi aseme kwanza ni kumbukumbu ipi anayoilinda.