Pua Iliyonusa Tarehe

Mwaka 2013 Alexander Vergara na wenzake waliwapa watafiti data ya bure: gesi 10 zilizopimwa kwenye handaki la upepo kwa vihisio 72 vya oksidi za metali. Mojawapo ilikuwa ethilini, ambayo ndizi huitoa inapoiva. Nyingine asetaldehidi, iliyomo katika harufu ya matunda mengi. Wengi walizipima kwa data hiyo programu zao za kutambua gesi, na programu zikafaulu vizuri ajabu.

Mwaka 2022 Nik Dennler na wenzake wakatazama kitu ambacho wengi hukiruka: saa na tarehe za vipimo. Kumbe kila gesi ilipimwa kwa kipindi chake, haikuchanganywa na nyingine. Na vihisio vya aina hii havitulii. Vinachakaa, joto na unyevu vinavisumbua, na vipimo vyake husogea kidogo kidogo. Kwa hiyo hata kabla gesi haijafunguliwa, kipimo cha hewa tupu kilitosha kwa kiasi kikubwa kutabiri ni gesi gani inakuja. Kutoa kipimo hicho cha mwanzo kwenye vipimo vilivyofuata hakukuondoa tatizo. Walihesabu machapisho 18 yaliyotumia data ile bila tahadhari. Huenda sifa nyingi ilizopewa pua ya kielektroniki, yaani vihisio hivyo pamoja na programu yake, zilikuwa za kalenda.

Dalili hazikufichwa. Tarehe zilikuwamo ndani ya data yenyewe, na Jordi Fonollosa, mmoja wa walioikusanya, alishiriki pia kuikosoa. Huo ni uungwana wa kupigiwa mfano. Lakini ni nani kati yetu hukagua matokeo yanayompendeza?

Pua hiyo ikitumiwa kutambua matunda yaliyoiva, mtego huu ni mkali zaidi, maana tunda lenyewe huiva kwa siku. Ukipima maembe mabichi Jumatatu, na yaleyale yakiwa yameiva Ijumaa, kihisio nacho kimesogea siku hizo zote. Utajuaje kilichobadilika ni embe? Basi tusipime hivyo. Tutafute mabichi na yaliyoiva kwa siku moja, tuyachanganye bila mpangilio, turudie siku nyingine, na kila mara tupime hewa tupu. Kisha tuipe programu vipimo vya hiyo hewa tupu peke yake. Ikitaja embe bivu hapo, tuvunje jaribio tuanze upya, hata kama ripoti imeshaandikwa.