Ulimwengu wa Kujitungia na Ulimwengu wa Kununua

Wachezaji wa Dungeons & Dragons wana ubishi mmoja usiokwisha. Ijapokuwa kwa mtazamaji wa nje huonekana ni ubishi wa watu wasio na kazi, naamini umebeba swali la kimaadili. Je, msimamizi wa mchezo awachezeshe wenzake katika ulimwengu aliojitungia mwenyewe, au katika ulimwengu ulioandikwa na wengine na kuuzwa dukani?

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, maelezo machache yatatosha. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ndiye msimamizi: yeye husimulia nchi, miji, maadui na wapita njia. Wengine huvaa kila mmoja nafsi ya mhusika, hutamka atakalotenda, kisha dadu huamua kama limefaulu. Mshindi hayupo. Aliyekulia katika "Paukwa!" na "Pakawa!" hataona ugeni mkubwa, isipokuwa kwamba hapa hadhira imeruhusiwa kuingia ndani ya hadithi na kuivuruga.

Mchezo huu ulichapishwa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na nchi yake ya kubuni: Arneson alikuwa na Blackmoor huko Minnesota, na Gygax akiwa na Greyhawk huko Wisconsin. Vijitabu vyao vya kwanza havikuuza nchi kamili ya kuchezea. Viliwahimiza wasomaji wajitungie, vikistaajabu kwa nini mtu atake kuazima fikra za mwingine. Soko lilikuwa na maoni tofauti. Mwaka 1976 kampuni ya Judges Guild iliuza mji mzima wa kubuni, mwaka 1980 Greyhawk yenyewe ikatiwa kitabuni, na mwaka 1987 ikafuata Forgotten Realms, nchi ambayo Mkanada Ed Greenwood alikuwa akiisimulia tangu utotoni mwake.

Hivyo basi, mpaka unaotenganisha pande hizi mbili ni mwembamba kuliko wabishi wanavyodai. Nyingi katika dunia zinazouzwa zilianza chumbani mwa mtu. Lililobadilika ni milki. Gygax alipoachana na kampuni aliyoiasisi, mwaka 1986, Greyhawk ilibaki mikononi mwa kampuni. Mwaka 1988 ngome yake mashuhuri ikachapishwa kama kichekesho, yeye akiwa nje. Simpi Gygax utakatifu asiokuwa nao, lakini tukio hilo hunifikirisha. Bibi zetu walisimulia visa vya Sungura na Abunuwasi bila ya kuvitunga wala kuvinunua. Vilikuwa vya wote, na aliyevisimulia vibaya alirekebishwa na mtoto wa jirani aliyevisikia kwingine. Ubishi wa wachezaji umeisahau njia hii ya tatu, na nadhani umeisahau kwa sababu ulizaliwa katika jamii ambako hadithi huwa na hati ya umiliki.

Wanaotetea dunia za dukani wana hoja moja ambayo siipuuzi. Msimamizi aliyejitungia ulimwengu ana mamlaka ambayo sultani yeyote angeyatamani: yeye ni mwandishi, hakimu na shahidi. Akisema mto haupo, haupo. Ulimwengu uliochapishwa huweka katiba mezani. Mchezaji aweza kufungua ukurasa na kusema, bwana, mto upo hapa. Zaidi ya hayo, kitabu hukosolewa hadharani. Mwaka 2020 kampuni ya Wizards of the Coast iliambatisha kwenye matoleo ya zamani tahadhari inayokiri kwamba baadhi yake yana chuki za kikabila na kijinsia. Chuki zilizomo katika daftari la mtu hazikemewi na yeyote asiyeketi mezani pake.

Hata hivyo, kitabu kina hatari yake. Chukua Al-Qadim, iliyotolewa mwaka 1992, ambayo msingi wake ni Alfu Lela Ulela na sinema za Hollywood kwa kiasi kinachokaribiana. Nchi yake, Zakhara, ina Khalifa, majini, mabaharia na bahari iliyojaa visiwa. Msomaji wa Muscat au Unguja ataitambua nusu na kuicheka nusu. Nakiri ina ukarimu: huko hata viumbe ambao vitabu vingine huwaua bila ya kuuliza huishi mjini kama raia. Lakini ina pia mamluki, askari watumwa, kama aina mojawapo ya wahusika wa kuchaguliwa. Msimamizi akiulizwa utumwa huo unatendaje kazi, na nani huuza nani, jibu analo tayari: ndivyo kitabu kisemavyo. Kitabu humkinga dhidi ya swali.

Wanafunzi kadhaa katika mji ninaofundisha, wana wa familia zilizotoka Mombasa, Zanzibar na Oman, walinikaribisha nitazame mchezo wao. Msimamizi, kijana makini, alikuwa amejitungia visiwa vya karafuu vilivyotawaliwa na sultani, na alivichora vizuri, hadi majina ya pepo za kusi na kaskazi. Jahazi lilipotia nanga alieleza soko: magunia, pembe, mikeka, na safu ya watumwa wanaongoja mnada. Akaendelea na bei ya maji ya kunywa. Binti aliyekuwa nahodha wa jahazi akamkatiza.

"Samahani, kaka. Yule wa tatu kutoka mwisho anaitwa nani?"

Kijana alitazama daftari lake, ambalo bila shaka halikuwa na jina. Hakuwa na mwandishi wa mbali wa kumsingizia. Watumwa wale aliwaweka yeye, kama mtu awekavyo mapazia, na sasa aliulizwa juu yao na mtu ambaye, kwa jinsi historia ya pwani yetu ilivyo, huenda ana babu katika safu ile, au babu aliyeinunua. Huenda wote wawili. Hapo ndipo ninapoelemea upande wa kujitungia: mtunzi akiwa mezani, hana pa kujificha. Sharti ni kwamba wachezaji wawe na ujasiri wa kuuliza, naye asiufanye usultani wake kuwa jibu.

Kijana aliomba muda. Wiki iliyofuata alikuja na majina kumi na moja, lugha mbili, na kijiji kando ya ziwa la bara ambacho hapo awali hakikuwamo katika ramani yake. Safari ya kutafuta hazina imesimama. Jahazi lingali bandarini, na nahodha anawauliza mabaharia wake ni wangapi wako tayari kupanda bara.