Nderema, Mboga Ipandayo Ukutani

Pita polepole kwenye vichochoro vya Kibera au Kawangware, mitaa ya Nairobi, uone kazi ya Muumba ikipanda ukutani. Kwenye gunia la mboga lililosimamishwa kando ya mabati, juu ya sukuma wiki na spinachi, shina laini limejisokota kwenye kamba likielekea paani. Hiyo ni nderema.

Haina mkono wala jicho, lakini hutafuta na kupata. Ncha yake changa huzunguka hewani kidogo kidogo, kwa kuwa upande mmoja wa shina hukua haraka kuliko mwingine, kisha zamu hubadilika. Ikikutana na kamba, huizinga na kuendelea juu. Mwaka 1865 Charles Darwin alichapisha utafiti mrefu kuhusu mwendo huo wa mimea ipandayo. Mama mwenye gunia anautazama mlangoni pake.

Kila kiumbe kimepewa akiba yake. Uluku, mmea wa ukoo mmoja na nderema, huweka chakula chake ardhini, katika viazi, kwenye milima ya Andes. Nderema imepewa majani manene yenye mlenda, na shina ambalo kipande chake kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mizizi na kuanza maisha mapya.

Huko Ulaya, wengi wanaoipenda huilea ndani ya nyumba ya kioo, maana jalidi huiua. Hapa Nairobi, ingawa tuko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ikweta i karibu, na mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima. Joto ambalo wengine hulinunua, sisi tumepewa bure.

Binadamu naye amepewa akili. Katikati ya gunia husimamisha nguzo ya mawe madogo ili maji yafike hadi chini, na ubavuni hutoboa mashimo ya miche. Maji ya mtungi yaliyokwisha kuosha mboga hunyweshea mboga nyingine. Hivyo mahali pa kusimama mtu mmoja hulisha nyumba nzima.

Basi usiseme huna shamba. Mwombe jirani kipande cha shina, kichomeke kwenye gunia, funga kamba hadi juu, na siku ya kuchuma, kabla hujabandika sufuria, mshukuru Mungu.