Hukumu ya Kofia Nyeupe

Kijana mmoja wa darsa yetu alituuliza: Masheikh mwatukataza sinema za kauboi, na hali mwisho wake mwizi hukamatwa na haki hushinda. Ubaya wake ni upi?

Swali hili lastahiki jawabu, wala si la kufokewa. Ulevi uliomo humo wajulikana, hatuna haja ya kuurefusha. Litazameni jambo jingine. Filamu hizi, ambazo Republic Pictures ya Marekani ilianza kuzitoa mwaka 1935 kwa gharama ndogo, nyingi huchukua kiasi cha saa moja tu. Muda huo hautoshi kusikiliza kesi. Basi mtazamaji hupewa hukumu mwanzoni: mwenye kofia nyeupe aghlabu ndiye mwema (vijana humwita staringi), na mwenye nyeusi ndiye wa kuuawa. Hapana mdai, hapana shahidi, hapana kiapo. Bastola ndiyo kadhi. Nasi Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa mdai alete ushahidi, na mwenye kukana aape.

Wengi wenu mna jamaa wafanyao biashara Kericho na Bomet, na mmeyaona mashamba ya chai yalivyopendeza. Katika nchi ile kisa cha sherifu kilipita kweli, bila ya sinema. Mwaka 1934 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuwaondoa Malaibon, ikaushika ukoo wa Talai wa Wakipsigis, watu kiasi cha 700, waume kwa wake, ikawahamishia Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, penye mbung'o na malaria. Mtoto anyonyaye alikosa nini? Kosa lake ni ukoo wake. Na aliyewatoa alikuwa na bunduki na karatasi iitwayo sheria. Kofia yake ilikuwa nyeupe.

Leo mjukuu wa watu hao akikaa Kericho na simu yake, akamshangilia sherifu awafukuzaye Wahindi Wekundu katika mbuga zao, amshangilia nani?

Nasi wa pwani tusijitoe. Mtu akipigwa sokoni kwa kuitwa mwizi, mara ngapi tumesema “amepata haki yake” kabla ya kuuliza ameiba nini? Na Sura ya Hujurat twaisoma, iliyotuamrisha kuichunguza habari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga.

Yule kijana akasema: Basi nisizitazame? Nikamwambia: Ukiitazama moja, niandikie madai ya aliyeuawa. Juma la pili alileta karatasi tupu. Alisema mtu yule hakupewa hata jina.