Zawadi Isiyolipika

Huulizwa mara nyingi: ndugu wa mtu ni nani? Wengi hujibu upesi kwamba ni yule aliyezaliwa naye tumbo moja, au mtu wa ukoo wake. Jibu hilo si la uwongo, lakini halitoshi. Wazee wa zamani walijua kuchanjiana damu na mtu wa kabila jingine, na tangu siku ile hawakuweza kumwacha katika shida. Swali gumu zaidi ni hili: mtu akipewa na ndugu wa namna hiyo kitu kikubwa asichoweza kukilipa, yampasa kukipokea au kukikataa?

Harper Lee, mwandishi wa Marekani, alikutana na swali hilo siku ya Noeli. Alizaliwa mwaka 1926 katika mji mdogo wa Monroeville, jimbo la Alabama. Mwaka 1949 alihamia New York, mji mkubwa mno, akitaka kuandika vitabu. Lakini kuandika hakukumpa chakula, ikambidi afanye kazi ya kuwaandikia wasafiri nafasi zao katika ndege. Mwaka 1951 mama yake alifariki. Majuma machache baadaye akafa na kaka yake. Noeli ya 1956 ilipofika hakuweza kwenda kwao, maana siku zake za ruhusa zilikuwa chache.

Michael Brown, mtunga nyimbo, na mkewe Joy walimkaribisha nyumbani kwao pamoja na watoto wao. Desturi yao ilikuwa kupeana vitu vya bei ndogo vilivyotafutwa kwa moyo. Mwaka ule yeye alimletea Michael picha ya senti 35 tu. Asubuhi watoto walifurahia vyao, naye hakuona chake. Ndipo akaonyeshwa bahasha katika mti uliopambwa. Ndani yake aliandikiwa kwamba apewa mwaka mzima wa kuacha kazi ile na kuandika apendavyo, wao watamtunza.

Alidhani ni mzaha. Kisha akaleta sababu moja baada ya nyingine za kukataa: je, watoto wakipatwa na taabu? Je, kazi yake isipofaa kitu? Kila sababu ikakataliwa. Wao walikuwa na yakini naye.

Kusitasita kwake kulikuwa kwa haki, maana mwenye aibu huogopa kula akiba ya watoto wa wengine. Lakini iko pia namna ya kukataa inayotoka katika kiburi, nayo hujificha vizuri. Anayepewa kuku leo, na kesho alfajiri akarudisha kuku mwingine, mara nyingi hakutafuta haki: hakutaka kufungwa na mtu. Hivyo jirani aliyetaka kuwa ndugu ageuzwa kuwa mdai aliyekwisha kulipwa. Na ni mtoto gani amhesabiaye mama yake sahani za ugali?

Hata hivyo, kupokea si kukaa kivulini. Wasema wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la Harper Lee lilikuwa kalamu, naye alilishika. Mwaka 1960 kitabu chake, To Kill a Mockingbird, kilitolewa: habari za wakili mzungu amteteaye mtu mweusi aliyesingiziwa. Mwaka 1961 kilipata tuzo ya Pulitzer, na nakala zake zimeuzwa kwa mamilioni.

Lakini mtu asipime wema wa Michael na Joy kwa mamilioni hayo. Asubuhi ile hakuna aliyeyajua. Kama kitabu kingeshindwa, bahasha ile ingekuwa njema vilevile.

Mwezi wa Desemba 1961 Harper Lee alisimulia habari hiyo katika gazeti la McCall's. Alieleza picha ya senti 35, watoto, mti na bahasha. Majina ya wale wawili hakuyaandika.