Mfalme na Kijembe

Someni Yeremia 36. Mfalme Yehoyakimu ameketi nyumbani wakati wa baridi, makaa yakiwaka mbele yake. Anasomewa gombo ambalo Baruku aliliandika kutoka kinywani mwa Yeremia, kuwaonya watu waache njia mbaya wapate kusamehewa. Kila zikisomwa kurasa tatu nne, anazikata kwa kijembe na kuzitupa motoni. Wakuu watatu walimsihi, hakuwasikia.

Angalieni, hakukataa kusomewa. Alisikiliza, tena bila hofu. Hapo ndipo ninapotetemeka, kwani nami nimeketi kanisani miaka mingi nikiyakata kimoyomoyo yale yaliyonigusa: deni nisilotaka kulipa, ndugu nisiyetaka kumsamehe.

Baruku aliandika gombo jingine, na maneno mengi yakaongezwa.