Kikohozi cha Nani Kinaandikwa?

Kuna kazi moja ya wasomi ambayo sisi wa mitaani hatuisikii sana: kuhesabu makala. Wanafungua orodha kubwa za majarida ya sayansi, wanaanza kuhesabu. Ugonjwa huu umeandikiwa makala ngapi duniani? Nchi gani imeandika nyingi? Wamehesabu za kifua kikuu, wamehesabu za korona. Utasema, hivi hiyo nayo ni kazi? Subiri kwanza, ndugu msomaji. Anayehesabu kitu ameshasema kwamba kina maana. Asichokihesabu nacho amekisemea, ila kwa kunyamaza.

Chukua korona. Mwaka 2020 peke yake dunia ilitoa makala zaidi ya 100,000 juu yake. Laki nzima, jamani! Hapa kwetu mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16 mwaka huo, akiwa Arusha, jirani kabisa na Manyara. Mwezi Mei hesabu ikasimama kwenye wagonjwa 509, na serikali haikutoa nyingine mpaka mwaka uliofuata. Kwa hiyo huku wanahesabu makaratasi kwa malaki, huku watu wenyewe hawahesabiwi. Tukajifukiza nyungu, tukazika, tukaendelea. Aliyekufa Katesh mwezi Julai 2020 yuko kwenye hesabu gani?

Sasa geukia kifua kikuu. Robert Koch alikitaja kijidudu chake hadharani Machi 24, 1882. Chanjo ya BCG ilianza kutolewa kwa mtu mwaka 1921, na ndiyo hiyo hiyo iliyokuachia kovu mkononi. Miaka mia na ushee! Korona ilipata chanjo iliyoruhusiwa kabla mwaka haujaisha. Uingereza walianza kuchoma watu Desemba 8, 2020. Wakati huo TB haikwenda likizo. Mwaka 2023 iliua watu kama milioni 1.25 duniani, ikarudi kuwa ugonjwa wa kuambukiza unaoongoza kwa kuua.

Mimi nasema hivi: idadi ya makala haipimi ukubwa wa ugonjwa. Inapima woga wa wenye fedha. Korona ilipanda ndege ikafika London na New York, ikabisha hodi kwa mwenye maabara. TB inakaa na mchimbaji, mfungwa, mchunga ng'ombe. Wala wingi wenyewe si ukweli. Katika haraka ile ya 2020 jarida kubwa kama Lancet lilichapisha makala juu ya dawa ya malaria kwa wagonjwa wa korona, wiki chache baadaye ikafutwa. Kwenye kuhesabu, nayo ilikuwa moja.

Lakini kinachonikera zaidi kiko karibu. Mbulu na Hanang zilikuwa ndani ya mkoa wa Arusha mpaka Manyara ilipozaliwa mwaka 2002. Watafiti wa TB wameushughulikia sana mkoa huo. Mwaka 2003 Sayoki Mfinanga wa taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na wenzake walichapisha makala juu ya namna makabila ya Arusha yanavyouelewa ugonjwa huu, na nyingine juu ya ufugaji na kifua kikuu. Mwaka 2004 ikaja ya uvimbe wa tezi na kijidudu cha TB ya ng'ombe, kile kinachoweza kupita kwenye maziwa yasiyochemshwa. Kazi nzuri, tena ya lazima, maana kwa Mdatoga ng'ombe ni maisha, na kwa Mwiraki pia zizi liko jirani sana na kitanda.

Lakini zote ziko kwa Kiingereza. Humo ndani mgonjwa anaitwa n. Herufi ndogo tu, maana yake idadi ya waliopimwa. Mtu ametoka Basotu, ametoa makohozi, amejibu maswali, halafu amegeuka n. Makala ikihesabiwa inaandikwa kwa jina la nchi ya chuo cha mwandishi: Tanzania ikiwa na bahati, na Norway au Uingereza pembeni. Basotu haimo.

Na deni hili si dogo. Mpango wa taifa wa kifua kikuu ulioanza hapa mwaka 1977, akiwemo Karel Styblo, ndio uliofundisha dunia namna ya kumfuatilia mgonjwa mpaka amalize dozi. Shirika la Afya Duniani, lililotangaza TB kuwa dharura mwaka 1993, liliuchukua mfano huo na kuusambaza. Vifua vya Watanzania vimetumika kama daftari la dunia nzima.

Rafiki yangu mmoja, mshairi, ananibishia. Anasema mgonjwa anataka dawa, hataki makala. Kweli, lakini dawa inatoka wapi? Bedaquiline ilipoidhinishwa Desemba 2012, ilikuwa imepita kama miaka arobaini bila dawa ya aina mpya ya TB. Pale ambapo hakuna aliyeandika, hakuna aliyetafuta.

Ninachodai ni kwamba mbele ya kila idadi ya makala iwekwe idadi ya waliokufa, halafu safu ya tatu: ngapi kati ya hizo zilirudi kusomwa kwa Kiswahili, Kiiraki au Kidatoga, pale maziwa yanapokamuliwa. Safu hiyo ya tatu nani ataijaza? Profesa hapati cheo kwa kuijaza. Sisi tunaoandika hadithi, tusio na cheo cha kupoteza, tunangoja nini?